Vakanse za mbali na watoto wadogo: Zanzibar, Dubai ao Bruxelles, familia ya Kivu ichague wapi?

Vakanse kubwa za shule zinapokaribia, katika nyumba fulani za Bukavu, Goma, Butembo na Lubumbashi maongezi ya mezani yanageuka. Watoto wanataka kuona bahari. Mama anapenda Zanzibar. Baba anataka Dubai, kwa sababu atapata nafasi ya kupita pia sokoni. Shangazi aliye Bruxelles anapiga simu kila juma kusema chumba kiko tayari. Na yule mdogo wa familia, ambaye hajajua hata kusema neno «ndege», hakuna anayemuuliza kitu.

Tuseme wazi: safari ya namna hii ni ya familia chache. Katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, watu wengi sana wamesafiri miaka hii bila kupenda, na godoro kichwani. Lakini ziko pia familia za walimu, wauguzi, wauzaji wa vitenge na wafanyakazi wa migodi ambazo zinaweka dola moja moja katika AVEC ao katika likelemba, miaka miwili ao mitatu, ili siku moja watoto waone kitu kingine kuliko habari za vita. Kwa familia kama hizo, kuchagua vibaya si jambo dogo. Feza za miaka mitatu zinaweza kuisha kwa siku nne, mtoto akiwa na homa katika chumba cha hoteli, ama wote wakirudishwa mpakani kwa kukosa karatasi moja.

Tuchukue mfano mmoja ili mambo yaeleweke. Tuseme ni familia ya Bukavu: baba, mama, binti wa miaka 6 na kijana wa miezi 20. Wana siku 12 mwezi wa Agosti. Waende wapi?

Anayeamua ni yule mdogo

Wazazi wengi wanaanza na picha ya mahali. Ingekuwa vizuri zaidi kuanza na umri wa mtoto wa mwisho, sababu yeye ndiye atakayeamua mwendo wa siku zote.

Mtoto wa chini ya miaka 2 anaweza kulala karibu popote, lakini hawezi kungoja. Kila saa mbili anataka kula, kubadilishwa ao kutembea. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 ndiye mgumu kuliko wote ndani ya ndege: ana nguvu za kukimbia, na hajaelewa bado kwa nini mkanda unafungwa. Kuanzia miaka 5 ao 6 mtoto anaanza kuuliza, kulinganisha na kukumbuka. Safari ya gharama kubwa inaanza kuwa na maana kwake mwenyewe, si kwa wazazi peke yao.

Umri unagusa pia tikiti. Katika kompani nyingi za ndege, mtoto ambaye hajafika miaka 2 anasafiri juu ya mapaja ya mzazi na analipa sehemu ndogo, mara nyingi karibu asilimia 10 ya bei ya mtu mzima. Akishatimiza miaka 2, lazima awe na kiti chake. Hapa ndipo familia yetu ya mfano inapaswa kufungua macho. Kijana wa miezi 20 leo, kama safari inasogezwa miezi minne mbele, atatimiza miaka 2 akiwa njiani, na kompani inaweza kudai kiti chake kwa safari ya kurudi. Kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa iandikwe mbele ya kuandika tarehe ya safari.

Kitu kingine ni saa. Bukavu, Goma na Lubumbashi zinatumia saa moja na Johannesburg, na vilevile na Bruxelles wakati wa majira yao ya joto. Dar es Salaam na Nairobi ziko mbele kwa saa 1, Dubai kwa saa 2. Tofauti hizo mtoto anazizoea kwa siku moja ao mbili. Lakini kati ya Bukavu na Montreal, mwezi wa Agosti, kuna saa 6. Mtoto ataamka katikati ya usiku akitafuta chakula, na ataendelea hivyo siku kadhaa. Kwa vakanse ya siku 12, hiyo ni sehemu kubwa ya likizo.

Njia inakuja mbele ya mahali

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025 wakati wa mapigano, na Kavumu, ule wa Bukavu, ukaingia katika vita Februari mwaka huohuo. Tangu hapo, kwa watu wengi wa Kivu safari ya mbali inaanza kwa barabara na mpaka, kuelekea Kigali. Watu wa Lubumbashi wana bahati zaidi: kutoka Luano wanaweza kupanda ndege kuelekea Addis Ababa ao Nairobi bila kupita barabara ndefu.

Kwa familia yetu, safari haianzi kwenye mlango wa ndege. Inaanzia Ruzizi. Kutoka upande wa Rusizi hadi Kigali, barabara inapita ndani ya msitu wa Nyungwe, na gari linatumia karibu saa 6. Barabara ni nzuri, lakini ina kona nyingi sana, na watoto wengi wanatapika humo. Mtoto apewe chakula chepesi, akae mahali anapoona mbele, na mzazi abebe nguo za kubadilisha mkononi, si ndani ya valizi iliyofungwa juu ya gari. Na abebe katika mfuko wa kitambaa: sashe za plastiki zimekatazwa Rwanda tangu 2008, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Mama aliyezoea kufunga nguo za mtoto ndani ya sashe anaweza kuombwa kuzitoa zote mpakani.

Baada ya saa 6 za Nyungwe, kupanda ndege usiku uleule ni kumtesa mtoto. Kulala usiku mmoja Kigali kunaongeza gharama, lakini kunaokoa siku mbili za kwanza za vakanse. Hesabu hiyo inapaswa kuingia katika bajeti tangu mwanzo.

Kisha linganisha. Kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ndege inatumia chini ya saa 2. Hadi Dubai ni zaidi ya saa 5. Hadi Bruxelles ni zaidi ya saa 8. Kwa watoto wa miaka 6 na miezi 20, kila saa inayoongezeka ina uzito wake. Ndege inapopanda na hasa inaposhuka, masikio ya mtoto yanauma: mama anyonyeshe, ama mtoto apewe chupa ao kitu cha kutafuna. Ni kitu kidogo, lakini kinatuliza kilio.

Wengine wanafikiri barabara hadi Dar es Salaam. Kwa ramani, Bukavu na Dar es Salaam zinatengana karibu kilometa 1250 kwa mstari ulionyooka. Kwa basi, kupitia Kigali na Rusumo, ni zaidi ya siku nzima, na kwa mtoto anayevaa bado kushi hiyo ni adhabu. Mwenye gari lake anaweza kukata njia vipande: kulala mara mbili ao tatu njiani, kuacha gari Dodoma, kisha kupanda treni ya umeme inayofanya kazi tangu 2024 kati ya Dodoma na Dar es Salaam. Treni hiyo inatumia karibu saa nne ao chini ya hapo, na kwa mtoto wa miaka 6 inaweza kuwa furaha kubwa kuliko bahari yenyewe.

Karatasi: mahali ambapo safari nyingi zinakufa

Wakaaji wa Goma na Bukavu wamezoea kuvuka kila siku. Lakini jeto ya kwenda Gisenyi ao Kamembe haifikishi mtu Zanzibar. Kila mtoto, hata wa miezi miwili, anahitaji paspoti yake mwenyewe, na inchi nyingi zinataka ibakize angalau miezi 6 mbele ya kuisha.

Congo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 2022. Hilo limefungua milango, lakini halijafuta paspoti, wala halijafanya kanuni za viza kuwa sawa katika inchi zote za jumuiya. Mzazi aulize ubalozi wa inchi anakokwenda na kuomba jibu kwa maandishi. Neno la mtu wa ajensi kwenye WhatsApp si karatasi.

Kuna shida moja inayotugusa sisi Wakongomani kuliko wengine: majina. Kwetu mtoto anaweza kuwa na jina la babu, kaka yake jina la mjomba, na hakuna hata mmoja anayeandikwa kwa jina la baba. Kwetu hilo ni heshima kwa ukoo. Kwa askari wa uhamiaji wa inchi ya mbali, ni watu wanne wenye majina manne tofauti wanaosema ni familia moja. Kinachoonyesha uzazi ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiyeandikishwa kwa mtumishi wa serikali ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa anahitaji kupitia tribinali kupata hukumu ya kujazia, na hilo linakula muda. Familia inayotaka kusafiri Agosti isingoje Juni kutafuta cheti hicho.

Mzazi anayesafiri peke yake na watoto, hata kama ndoa ni nzuri na mwenzake amebaki tu kwa kazi, awe na ruhusa ya mzazi mwingine, iliyoandikwa na kuthibitishwa na wakubwa wa serikali. Watumishi wa DGM wanaweza kuiomba, na inchi nyingine zinaiomba pia wakati wa kuingia. Sababu yake ni ya haki: kanuni hiyo iko ili kuzuia watoto wasiibwe.

Chanjo, na ile palu tunayoizoea

Chanjo ya homa ya manjano inatolewa Congo kuanzia miezi 9, katika chanjo za kawaida za watoto. Wazazi wengi wanafikiri kazi imekwisha hapo. Lakini karatasi ya kupima uzito, ile ya kituo cha afya, si kile kitabu cha manjano cha kimataifa kinachoombwa uwanja wa ndege. Mzazi aende na karatasi hiyo kwenye huduma ya afya ya mipaka kuuliza namna ya kupata kitabu. Kenya na Tanzania zinakiomba kwa kila msafiri wa kuanzia mwaka 1 anayetoka inchi yenye ugonjwa huo, na Congo ni mojawapo. Wakati wa kurudi, Congo yenyewe inakiomba kuanzia miezi 9. Kitabu kinaanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 kinadumu maisha yote, bila kurudia kila miaka 10 kama zamani.

Kuhusu malaria, ile wengi wetu tunaita palu, wazazi wa Kivu wajue jambo moja. Bukavu na Goma ziko karibu metri 1500 juu ya bahari, na Butembo iko juu zaidi. Mtoto aliyekulia kwenye baridi ya Butembo hajaumwa na mbu sawa na mtoto wa Uvira ao wa Kindu, na mwili wake haujazoea. Akishuka pwani, anahitaji chandarua kila usiku, nguo za mikono mirefu jioni, na ushauri wa munganga mbele ya safari kuhusu dawa ya kukinga. Zanzibar imepunguza malaria sana, lakini haijaimaliza, na pwani ya Kenya na Tanzania bado inayo. Dubai, Maurice na Cape Town hakuna hatari hiyo. Na mtoto yeyote anayepata homa katika majuma yanayofuata kurudi, apimwe damu siku ileile.

Mahali manne, kwa macho ya mtoto

Zanzibar na pwani ya Kenya. Kwa tarehe za vakanse zetu, hapa kalenda inasaidia. Mvua kubwa za masika zinaanguka Machi hadi Mei. Julai na Agosti ni kavu, joto si kali, na upepo wa kusi unavuma. Lakini ndiyo miezi ya watalii wengi, na bei zinapanda. Kwa mtoto, pwani zote si sawa. Upande wa mashariki wa Unguja, kama Paje na Jambiani, maji yakikupwa yanarudi mbali sana, na mtoto anabaki kuangalia mchanga na mwani kwa saa nyingi, huku chini kukiwa na urumba wenye miiba. Upande wa kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali hivyo. Tena mashariki kunapigwa na kusi. Kaskazini kuna utulivu zaidi majira hayo. Mbele ya kulipa hoteli, uliza maswali mawili: maji yanakupwa hadi wapi, na hospitali ya karibu iko umbali wa dakika ngapi? Hospitali kubwa, Mnazi Mmoja, iko mjini, si pwani. Feri ya kutoka Dar es Salaam inatumia karibu saa 2, na wakati wa kusi bahari inaweza kuchafuka. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Zanzibar inawadai pia wageni kutoka nje ya Tanzania bima ya safari ya hukohuko. Bei ya kawaida iliyotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44, kwa hiyo hesabu hiyo iingie mapema.

Dubai. Wafanyabiashara wa Butembo, Goma na Bukavu wanaijua vizuri, na ndiyo maana baba wengi wanaona ni akili kuunganisha mambo mawili: kununua bidhaa Deira na kutembeza watoto. Kwa mtoto ni mpango mbaya mara mbili. Kwanza, Julai na Agosti joto linapita digrii 40, na nje hakukaliki isipokuwa asubuhi sana ao usiku. Vakanse inakuwa ya ndani ya maduka yenye baridi ya mashini. Pili, baba anayetafuta bei ya kontena hayuko vakanse. Mama ndiye anayebaki na watoto chumbani. Dubai ina mambo mengi ya watoto, lakini wakati wake mzuri ni Desemba hadi Februari, si vakanse kubwa.

Bruxelles, Paris na Ulaya kwa jumla. Hapa faida ni kubwa: ndugu wako huko, chumba hakilipwi, na watoto wanakutana na binamu ambao wanawajua kwa simu tu. Kwa familia zilizotawanyika kama zetu, hilo peke yake linaweza kuwa sababu ya kutosha. Lakini viza ya Schengen inataka subira. Ombi linaweza kuwekwa miezi 6 mbele ya safari, na lazima liwekwe angalau siku 15 mbele. Jibu la kawaida linachukua siku 15, na linaweza kufika siku 45. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyefika 12, na bure kwa wa chini ya miaka 6. Kwa familia yetu ya mfano hiyo ni euro 225, bila kuhesabu safari ya kupeleka maombi na bima ya lazima inayofika angalau euro 30.000. Wakikataa, ada hairudi. Kwa hiyo tikiti isiyoweza kubadilishwa isinunuliwe mbele ya jibu.

Wanyama. Watoto wetu wanajua simba na tembo kwa katuni, na wazazi wanaota Serengeti. Lakini safari ya wanyama ni saa nyingi ndani ya jeep, vumbi, na amri ya kunyamaza. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuifurahia kwa nusu siku. Wa miezi 20 hawezi. Kuhusu sokwe wakubwa wa milimani, jambo limefungwa: kanuni ya kawaida, Congo, Rwanda na Uganda, ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 hawaendei. Familia inayopitia Kigali inaweza kufikiri Akagera, mashariki ya Rwanda: simba walirudishwa humo 2015 na vifaru 2017, na siku moja inatosha.

Chakula na lugha

Mtoto mdogo anayekataa chakula kwa siku tatu anaweza kuharibu vakanse nzuri kuliko mvua. Hapa pwani ya Kiswahili inashinda mahali pengine pote. Familia itakuta sombe, lakini itaiomba kwa jina la kisamvu. Lengalenga itaitwa mchicha. Bugali itapoteza herufi moja na kuwa ugali. Na yule anayetaka sambaza aombe dagaa, la sivyo mwenye hoteli atauliza ni kitu gani anachotaka kusambaza. Mtoto wa Bukavu anaweza kucheza na mtoto wa Nungwi siku ileile ya kufika, bila mkalimani. Afundishwe tu kusema «shikamoo» kwa wakubwa. Kwetu «jambo» inatosha kwa wote, lakini huko mkubwa anasubiri neno lake.

Kwa mtoto anayekula buji, mzazi abebe unga wa siku mbili ao tatu za kwanza. Maji ya kunywa yawe ya chupa ao yaliyochemshwa, na pakiti za chumvi na sukari za kuzuia kuhara, zile za kituo cha afya, zisikosekane katika mfuko wa mkononi. Ni bei ndogo, na zinaokoa maisha.

Na maji ya kuogelea? Mtoto wa Kivu amezoea ziwa lisilo na mawimbi makubwa. Bahari inavuta. Kanuni ni moja: mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja, macho juu yake, simu mfukoni. Watoto wawili na mtu mzima mmoja ufukweni, mwingine akiwa amelala hotelini, si vakanse.

Feza

Franka ya Congo haibadilishwi kirahisi mbali na mpaka. Dola ndiyo inayosafiri, lakini biro nyingi za Afrika Mashariki hazipendi noti za zamani, na wengine wanalipa kidogo kwa noti ndogo. Chagua noti mpya, safi. Anayetegemea M-Pesa yake ya Congo aulize mapema kama itafanya kazi huko, sababu jina ni moja lakini mifumo ni ya inchi mbalimbali. Anayepandia ndege ndani ya Congo aulize pia kama Go Pass ya safari za inchi za nje iko ndani ya bei ya tikiti, ama italipwa uwanjani.

Gawa bajeti vipande vitatu mbele ya kuchagua mahali. Kipande cha kwanza ni cha kwenda na kurudi, kikiwa kimelipwa chote. Cha pili ni cha kulala na kula. Cha tatu, kisichoguswa, ni cha munganga na cha kurudi haraka kama jambo limetokea nyumbani. Mahali ambapo kipande cha tatu hakibaki, familia hiyo haiwezi kupamudu, hata kama picha ni nzuri namna gani.

Kama si mwaka huu

Kwa familia yetu ya mfano, hesabu inatoka hivi. Dubai inaondoka kwa sababu ya joto. Bruxelles inawezekana kama karatasi zilianza mapema na shangazi anapokea kweli. Serengeti ingoje miaka mitatu. Inabaki pwani ya Kiswahili: ndege fupi, saa ileile karibu, chakula kinachojulikana. Siku 12 zinatosha: mbili za kwenda na usiku mmoja Kigali, nane upande wa kaskazini wa Unguja, mbili za kurudi.

Na kama feza hazitoshi ao paspoti ya mdogo haijatoka, kuahirisha si kushindwa. Congo ina bahari yake, Muanda, lakini kutoka Bukavu iko mbali kuliko Bahari ya Hindi, karibu kilometa 1900 kwa mstari. Karibu zaidi kuna Idjwi katikati ya ziwa Kivu, na kwa watu wa Lubumbashi kuna Kalemie, ambako ziwa Tanganyika lina mawimbi yanayofanana na ya bahari. Huko waulizwe wavuvi kwanza ni wapi pasipo mamba, na maji yenye majani yaepukwe kwa sababu ya bilarzia. Mtoto wa miezi 20 hatajua tofauti kati ya Nungwi na Idjwi. Yeye anataka mchanga, ndoo na wazazi wasiokuwa na haraka.

Yule wa miaka 6 atajua. Basi, wazazi wakishapunguza orodha hadi mahali pawili ambapo njia, karatasi, afya na feza vinakubali, wamuite mezani, wamuonyeshe ramani, na wamuache achague kati ya hapo pawili.